Usianze na Kabureta

Leo naomba nianze kwa kukiri: mume wangu ana mwingine. Na wala siyo wa kufichwa huko nyumba ndogo, hapana. Anaishi hapa hapa kwetu, uani, chini ya mwembe. Rangi ya chungwa, pua ndefu, kiuno cha nyigu, kazaliwa 1972. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata sijanywa chai, mume wangu yuko naye. Anamfuta vumbi, anamwinamia, anamsemesha.

Anaitwa Datsun 240Z.

Usicheke kwanza. Wale waliozaliwa juzi labda hawaijui gari hii, lakini muulize mjomba wako yeyote mwenye mvi. Ilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja, injini ya lita 2.4, kabureta mbili, na viti viwili tu (ndiyo, watoto hawana pa kukaa, na hilo nalo tulishagombania). Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, enzi zile mbio zinakatiza Kenya, Uganda na Tanzania na watu wanakesha barabarani wakati wa Pasaka. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena akiwa na Lofty Drews. Baba mkwe wangu alikuwa kijana miaka hiyo. Alisimama kando ya barabara akala vumbi la hizo gari, akajiapiza kwamba iko siku atakuwa na ya kwake. Ilimchukua miaka zaidi ya kumi na tano, na alipoipata aliipenda, mama mkwe wangu anasema, kuliko wali.

Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Ndugu wakagawana shamba na nyumba. Mume wangu hakuomba kitu kingine chochote: aliomba gari. Ikashuka kutoka Moshi mgongoni mwa lori, imefunikwa turubai, mpaka Dar.

Shida ni kwamba mgonjwa huyo alikuwa hoi. Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto, kila ukikanyaga mafuta inakohoa, inamisi, inatoa moshi mweusi, na petroli inakunywa kama imetoka jangwani. Siku moja kwenye mwinuko mdogo tu bajaji ilitupita, tena imebeba abiria watatu. Dereva wa bajaji akatupungia mkono. Mume wangu hakusema neno mpaka tumefika nyumbani.

HELA YA KIWANJA

Sasa tuje kwenye yale yanayokuhusu wewe na mwenzako.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunalipia kiwanja Kigamboni kwa awamu. Mshahara wangu unalisha nyumba, wake unalipa kiwanja. Ndiyo makubaliano. Sasa siku moja niko ofisini, simu inaita, ni yule anayetuuzia. "Dada, samahani, huu mwezi wa pili sijaona kitu. Kuna tatizo?"

Jamani, nilishika ukuta.

Jioni nikamuuliza kwa upole, maana nilishajifunza kwamba nikianza kwa kelele tutaishia kwenye kelele. Akainamisha kichwa. Kumbe gereji moja ilimwambia dawa ya gari ile ni moja tu: kabureta mpya, zote mbili, ziagizwe nje. Hela ya kiwanja ya miezi miwili ikapanda ndege. Kabureta zikaja, zikafungwa, na gari ikazidi kumisi.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

Wanaume bwana! "Nilikuwa nataka kukuambia" ni sentensi inayoanza kazi pale mtu anapokuwa ameshakamatwa.

Tulikaa siku tisa tukiongea kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Mtoto mwenyewe ana miaka sita, akawa kama balozi. Siku ya tisa nikatoa hukumu yangu: gari iuzwe, hela irudi kwenye kiwanja. Hakugomba. Alisema tu, taratibu, "Ukiiuza hiyo, umemuuza baba," akatoka nje akaenda kukaa ndani ya gari, taa zimezimwa.

Mimi nikaendelea na mpango wangu. Nikatafuta mnunuzi. Wa kwanza alisikia injini ikikohoa akanitajia bei ya friji. "Itengenezeni kwanza, mama," akanishauri, "ikiwa inatembea ni gari, ikiwa haitembei ni mapambo." Nikasema sawa. Itengenezwe, halafu iuzwe. Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi moja niko Ilala kwenye gereji ya fundi mzee mmoja niliyeelekezwa na mwenzangu wa kazini. Mimi naenda kuuza, mume wangu anaenda kuponya, na humo ndani ya gari hakuna aliyemwambia mwenzake.

MASWALI KABLA YA SPANA

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeniletea mgonjwa?"

Nilitegemea atafungua boneti. Hakufungua. Alikaa kwenye kigoda, akatuangalia kwa zamu.

"Ilianza lini kuumwa?"

Mume wangu akasema tangu ilipofika Dar. Mimi nikasema hapana, ilianza kidogo kidogo, ikazidi baada ya mvua.

"Inamisi wakati gani? Ikiwa imetulia, au ukiipiga resi?"

Mume wangu: "Ikiwa imetulia."

Mimi: "Ukiipiga resi. Ikiwa imetulia inanguruma sawa tu, ila haina raha."

Mzee akacheka. "Nani kati yenu anaiendesha?" Mume wangu akanyoosha kidole. "Na nani anaisikiliza?" Kimya. Nikagundua kitu kilichonishangaza: mimi, niliyekuwa naichukia, ndiye niliyekuwa naijua sauti yake. Kila Jumamosi naisikia kutoka jikoni. Yeye anaipenda sana, lakini akiwa ndani yake anasikia matumaini yake tu.

"Na nani aliigusa mara ya mwisho, akagusa nini?"

"Kabureta. Tumebadilisha zote mbili."

"Ikawaje?"

"Ikazidi."

"Basi umemfukuza kazi mtu asiye na kosa," mzee akasema. "Kabureta inaonekana, iko juu, ina skrubu za kuchezea, kila mtu anaikimbilia. Lakini kabureta ni ya mwisho. Ukiianza hiyo, unarekebisha kitu kizima kifanane na kibovu."

Halafu ndipo akasimama, akafungua boneti. Utaratibu wake nimeuandika hapa kama ulivyo. Kama nyumbani kuna gari ya zamani yenye kabureta na pointi, utakusaidia moja kwa moja. Kama haipo, soma tu, utaona mbele.

NGAZI KWA NGAZI

Kwanza, afya ya injini yenyewe. Alitoa plagi zote sita, akapima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. "Sitafuti namba kubwa," akasema, "natafuta namba zinazofanana." Zote zilisoma juu kidogo ya paundi 160 kwa inchi ya mraba, zikikaribiana kama mapacha. Mume wangu akashusha pumzi. Kama moja ingekuwa chini sana, hakuna skrubu ya kabureta ambayo ingesaidia. Plagi zenyewe zilikuwa nyeusi tii kwa masizi: dalili ya petroli kuzidi, au ya moto kutoichoma.

Pili, tapeti. Valvu zisipoacha nafasi sahihi, injini inapumua vibaya. Kwa injini hii ikiwa ya moto, nafasi ni milimita 0.25 kwenye valvu za kuingiza na 0.30 kwenye za kutolea. Mbili zilikuwa zimebana. Akaziseti na filageji.

Tatu, umeme. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu, na hapo ndipo alipomkuta mchawi. Akafungua kifuniko cha distributa. Ndani mna pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili koili itoe cheche. Zikifunguka kabisa, nafasi yake inatakiwa iwe kama nusu milimita, kuanzia 0.45 mpaka 0.55. Zetu zilikuwa zimeungua na karibu kushikana. Kile kipande kinachosuguana na shafti kilikuwa kimelika, maana hakuna aliyekipaka grisi kwa miaka. Na nafasi ikipungua hivyo, cheche inachelewa. Petroli inafika kwa wakati wake, moto unafika kwa wakati wake mwingine, na injini inabaki inakohoa katikati. Chini ya pointi kuna vitufe viwili vya uzito ambavyo kazi yake ni kuwahisha cheche kadiri injini inavyokwenda kasi. Vilikuwa vimeganda kwa grisi iliyokauka. Ndiyo maana ilikuwa inamisi ikipigwa resi! Na kile kidude cha duara ubavuni mwa distributa, chenye utando wa mpira ndani, utando ulikuwa umetoboka.

Akaweka pointi mpya, kondensa mpya, akaosha vitufe mpaka vikacheza, akabadilisha kile kidude, akafunga plagi mpya zenye nafasi kati ya milimita 0.8 na 0.9. Halafu akawasha taa ya taimingi na kuisogeza distributa taratibu mpaka alama zikakaa pale kitabu cha gari kinaposema.

Nne, hewa ya wizi. Akachukua chupa ya maji ya kupulizia, ile ya kunyooshea nguo, akapuliza kidogo kwenye maungio ya manifoldi wakati injini inanguruma. Penye kabureta ya mbele mlio ukabadilika. Gasketi ilikuwa imepasuka, hewa inapenya bila ruhusa. Kwa nini maji, siyo sprei ya kusafishia kabureta kama wafanyavyo wengine? Kwa sababu kwenye injini hii ekzosi iko upande ule ule, chini kabisa ya kabureta. Sprei inashika moto. Maji hayashiki.

Tano, njia ya petroli: filta mpya, mipira mipya, kutu ya tangi ikamwagwa.

Ndipo, saa nane mchana, mzee akauliza: "Zile kabureta za mwanzo ziko wapi?" Zilikuwa kwenye boksi, kwenye buti. Akazisafisha, akazirudisha. Hazikuwa na kosa lolote zaidi ya uchafu na kukosa oili kidogo ile nyepesi inayokaa juu ndani ya mnara wake. Bila hiyo, pistoni ya kabureta inaruka ovyo na gari inasita ukikanyaga.

MASIKIO YA NANI?

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoacha kuwa mtazamaji.

Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Kuna vifaa vya kupimia, lakini mzee alichukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kama mita moja hivi. Unaweka ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo wa hewa. Kisha unahamia ya pili. Ile inayovuma zaidi inavuta zaidi.

"Mama, njoo wewe," akaniita. "Masikio yangu yameshazeeka, na ya mumeo yamejaa mapenzi."

Nikavua hereni. Nikainama juu ya injini na gauni langu la Jumamosi, mpira sikioni. Mume wangu ameshika bisibisi, anasubiri. Ya mbele: shhh. Ya nyuma: SHHH.

"Ya nyuma inavuta sana," nikasema.

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake moja kwa moja, bila balozi, tangu siku ya hukumu.

Akageuza kidogo. "Hivi?"

"Bado. Tena. Hapo umepitiliza, rudi."

Tulifanya hivyo kwa robo saa nzima. Yeye anageuza, mimi nasikiliza, anauliza, najibu. Mzee alikwenda kunywa chai akatuacha. Mvumo ulipolingana nilijua bila kuambiwa, nikainua mkono, naye akaacha pale pale.

Mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuja mwisho. Chini ya kila kabureta kuna nati: unaipandisha mpaka mwisho, unaishusha raundi mbili na nusu, huo ndiyo mwanzo. Kisha unajaribu: unainua pistoni ya kabureta kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo tu halafu ikatulia, uko sawa. Na ukigeuza, unageuza sehemu ndogo ya raundi, unasubiri injini ijibu, ndipo unageuza tena.

Mzee alirudi, akasikiliza, akapangusa mikono. Malipo yake, pamoja na vifaa, hayakufika hata nusu ya bei ya kabureta moja iliyopanda ndege.

BARABARA YA BAGAMOYO

Tulitoka nayo jioni hiyo. Baada ya Tegeta barabara ikafunguka, mume wangu akakanyaga, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti aliyokuwa anaitafuta. Siyo kelele. Ni kitu kimoja, kimenyooka, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Nikamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujificha.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa inalia," akasema. "Nikiwa mdogo nilikuwa naisikia kutoka kwenye kona ya shule, najua baba amekuja."

Msibani hakulia. Nakumbuka vizuri. Alikuwa anagawa maji, anapanga viti, anahesabu rambirambi. Watu wakamsifu: mwanaume jasiri. Nami nikamsifu. Tangu siku ile hatukuwahi kuongea habari za baba yake hata mara moja, ila tuligombana kuhusu hela kila mwezi.

Hela ndiyo ilikuwa kabureta yetu. Iko juu, inaonekana, ina skrubu za kuchezea. Tulikuwa tunaikaza, tunailegeza, tunabadilisha nani alipe nini, na nyumba inazidi kumisi. Moto wenyewe ulikuwa unachelewa pengine kabisa, ndani ya kifuniko ambacho hakuna aliyekifungua.

Sikwambii tulirudi nyumbani tumepona. Hela ya kiwanja ilikuwa imeshaliwa, na tulilipa na faini juu. Zile kabureta za nje tuliziuza kwa hasara. Nilimwambia mume wangu, bila kelele, kwamba kosa lilikuwa kuninyamazia, na kosa hilo halifutwi na baba wala na Safari Rally. Alikubali. Sasa tuna daftari moja jikoni: matumizi yoyote yanayozidi laki moja yanaandikwa na kusainiwa na wote wawili kabla hela haijatoka. Yakiwemo ya viatu vyangu, ndiyo.

Na gari? Haikuuzwa. Lakini isikudanganye, bado ina tabia zake. Ukiizima ya moto kwenye foleni ya mchana inagoma kuwaka, maana petroli inachemka ndani ya kabureta kwa joto la ekzosi iliyo chini yake. Hilo halina skrubu ya kulimaliza kabisa. Unafungua boneti, unasubiri dakika kumi, unanunua maji ya kunywa, mnapiga stori. Kuna mambo yanatengenezwa, na kuna mambo yanazoeleka.

KABLA HUJASHIKA SPANA

Kwa gari yako, na kwa mwenzako:

1. Uliza kwanza. Ilianza lini, inatokea wakati gani, nani aligusa nini. Na muulize aliye nje pia. Anasikia usichosikia wewe.

2. Anza ndani, malizia juu. Kinachoonekana haraka mara nyingi siyo chenye kosa.

3. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

4. Geuza kidogo, usubiri jibu.

5. Usitupe cha zamani kabla hujahakikisha ndicho kibovu.

Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta kikombe cha chai kando ya kitanda, na kipande cha mpira wa bustani kimewekwa juu ya mto wake. Nikajua naitwa uani. Nikavua hereni, nikatoka.

Tukutane mwezi ujao, Inshallah. Mpaka hapo, msikilize mwenzako.